Nimerudi Umra na mama: ajenti nampa nyota tatu, sheikh wa kikundi nampa zote

Assalaam alaykum. Nimekaa wiki tatu naandika nafuta, maana sitaki kumharibia mtu riziki yake, ila kuna watu kama wanne wameshaniuliza ile Umra, hija ndogo, ya mwezi wa Rajab niliyoenda na mama ilikuwaje, nikaona bora niandike yote mara moja. Jina la ajenti siliweki. Ni wa hapahapa Dar na wapo siku nyingi, wanaowajua watawajua.

Mambo ya kawaida nayamaliza haraka. Pakeji yetu dola 1,650 kwa mtu, siku 14, Makka tisa na Madina tano, humo ndani visa, tiketi, hoteli, basi na chakula. Visa zilitoka mapema, sina neno. Ndege tuliunganisha Addis, wanaume tukavaa ihram, vazi la ibada, palepale airport kwenye choo ambacho kila mtu anamwambia mwenzake nishikie hapa nisije nikaadhirika. Hoteli ya Makka waliandika mita 600 kutoka Haram, ule msikiti mkuu wenye Kaaba, na labda ukipima ni kweli, ila hawakusema kwamba hizo mita 600 ni mlima, kwenda unateremka mbiombio, kurudi sasa ndo shughuli, na mama ana miaka 68 na magoti yake ukoo mzima unayajua. Chakula kwakweli hongera zao. Walikuja na mpishi kutoka Tanga, yaani unatoka kuswali Isha Haram unarudi unakuta wali wa nazi na samaki, siku moja akatoa ugali na dagaa watu wakasahau hata kupiga bismillahi kwa sauti.

Haya, nije kwenye kamba.

Kila mtu alipewa kitambulisho cha kuvaa shingoni. Sisi wa pakeji ya kawaida kamba ya bluu, wa VIP kamba ya dhahabu. Tulikuwa 43, VIP wanane, na hoteli yao iko karibu kabisa na Haram. Sasa kabla mtu hajasema nina wivu, mwenye hela yake akilala pazuri ni haki yake. Kuna ile hadithi ipo kwa Muslim, Mtume (saw) aliposema haingii peponi mwenye kibri moyoni hata uzito wa chembe, mtu akauliza je mtu anayependa nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri, akajibiwa Allah ni mzuri na anapenda uzuri, kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Kwa hiyo hoteli nzuri siyo kibri. Nimelielewa hilo na nimelitulia.

Ila tumetua Jeddah saa nane usiku. Wanaume wote tuna shuka mbili nyeupe hazina mshono, huwezi kujua nani mkurugenzi nani fundi baiskeli, na mi nadhani hiyo ndo raha yenyewe ya ihram. Kijana wa ajenti anasimama mlangoni mwa basi anapiga kelele, kamba za dhahabu watangulie, bluu mtasubiri hapo pembeni. Basi ni lilelile moja! Viti vinatosha watu 50! Tumesimama pembeni na wazee wetu mpaka wanane wale wamechagua viti vya mbele na mabegi yao yamepangwa. Kulikuwa na bibi mmoja wa Newala, miaka sabini na kitu, mara yake ya kwanza kupanda ndege, akanigeukia taratibu, "mjukuu wangu, kwani sisi wa bluu tumekosea nini?" Aisee hakuwa anafanya utani. Alidhani kuna kitu amekosea kwenye ihram yake.

Na ikaendelea hivyohivyo, kwenye ziara kamba za dhahabu kwanza, kwenye lifti kamba za dhahabu kwanza. Nimtoe mmoja, mzee fulani mnene mfanyabiashara, siku ya pili tu alivua ile kamba akatia mfukoni, kila usiku anatembea kutoka hoteli yake anapanda ule mlima anakuja kukaa chini kula na sisi kwenye sinia. Hajasema kitu, hajatoa mawaidha, anakula na kuulizia kama ukoko upo.

Sasa kiongozi wetu. Ni sheikh wa makamo, mwembamba, sauti ya chini mpaka inabidi umsogelee. Siku ya kwanza tunaingia Haram akatoa mfuko mkubwa wa plastiki akasema wazee wote wanipe viatu. Tukadhani anaenda kuviweka sehemu. Hapana, alibeba mwenyewe. Kandambili za watu 11 amezitundika begani, tawafu ya kuizunguka Kaaba mara saba, kisha kutembea kati ya vilima vya Safa na Marwa mara saba ambayo ni kama kilomita tatu hivi ukijumlisha, mfuko uko begani na mkono mwingine kamshika babu mmoja ambaye haoni vizuri. Anatembea kwa mwendo wa yule aliye nyuma kabisa. Vijana tuliokuwa tunataka kwenda spidi akatuambia nendeni, mkimaliza mtusubiri Marwa, ila mkiona mtu kachoka njiani hata kama si wetu msimpite.

Ustadh msaidizi ndo alikuwa mtihani. Ana elimu, sikatai, Kiarabu kinamwagika. Lakini bibi wa Newala akiitikia talbiya, ile labbayka ya mahujaji, anaitamka kikwao, anameza herufi, basi ustadh akasimamisha basi zima akamsahihisha mbele za watu mara tatu, na wapo waliocheka. Bibi akanyamaza kimya, njia nzima hajafungua tena mdomo. Sheikh alikuwa mbele na dereva, akaja nyuma kashikilia viti basi linatembea, akakaa kwenye ngazi pale chini ya miguu ya bibi, akamwambia "mama, sauti yako ndo imeniamsha kule mbele, tuongoze sisi tukufuate." Na bibi akaongoza, na herufi zake alizomeza. Basi zima likafuata. Ustadh naye akafuata, sijui moyoni alikuwa na nini lakini alifuata.

Mpaka hapo mimi nilikuwa najiona mtu safi kweli, nimeshaandika malalamiko kwenye simu kuhusu kamba, kuhusu ustadh, nasubiri kurudi tu nimwage.

Tukaenda Madina. Asubuhi ya kwanza mama karudi kutoka Alfajiri macho mekundu. Kumbe huko upande wa wanawake rakaa ya pili imamu alipoinuka kutoka kwenye rukuu, mama kama alivyozoea miaka yote kwetu akanyanyua mikono kusubiri kunuti, ile dua ya kusimama, imamu akashuka sijda, mama kabaki kasimama peke yake mikono juu. Inatokea sana kwa watu wa pwani, tumelelewa kwenye madhehebu ya Imamu Shafi, na kule Alfajiri hawasomi kunuti. Tatizo siyo hilo. Tatizo dada mmoja tunayekaa naye, amesomasoma, alimwambia mbele ya rumu nzima kwamba hiyo ni bid'a, yaani uzushi kwenye dini, na miaka yote hiyo amekuwa akiswali kimakosa. Mama yangu! Mwanamke aliyetuamsha Alfajiri watoto sita kwa maji ya ndoo!

Nilitaka kwenda kugonga mlango. Sheikh akaniambia kaa kwanza unywe chai. Baada ya chai akakusanya kikundi, hakutaja mtu, akaeleza taratibu kwamba kunuti ya Alfajiri ni sunna kwa Imamu Shafi, na maimamu wengine hawaioni hivyo, na wote wana hoja zao, ukiswali nyuma ya imamu asiyesoma mfuate imamu wako, ukirudi kwenu soma, na hakuna wa kumwita mwenzake mzushi. Akasoma ile aya ya 11 ya Suratul Hujurat, wanaume wasiwadharau wanaume, huenda wakawa bora kuliko wao, wala wanawake wasiwadharau wanawake, huenda wakawa bora kuliko wao. Yule dada alikuja kumwomba mama radhi jioni, wakalia wote wawili, sasa hivi wanatumiana meseji za sauti kila siku mpaka bando la mama linaisha.

Mimi sasa. Siku hiyohiyo Laasiri, pembeni yangu kasimama kaka mrefu, kitambulisho chake kina bendera ya Senegal, kapiga takbira kisha akaacha mikono chini imening'inia, hakuifunga kifuani kama sisi, mpaka mwisho wa swala. Tulipotoa salamu nikamgusa jamaa yangu kwa kiwiko, nikamwonyesha kwa macho, tukatabasamu. Yaani kile kitabasamu cha huyu naye kasomea wapi. Yule kaka aliona. Sheikh aliona pia, alikuwa safu ya nyuma, na mimi sikujua.

Wakati wa kurudi akanipitisha upande wa makaburi ya Baqi, ukutani pale, akaniuliza unajua wamezikwa kina nani humu? Nikasema masahaba wengi, watu wa nyumba ya Mtume. Akasema na Imamu Malik yumo, kafariki hapahapa Madina mwaka 179 Hijria, mji huu ndo ulikuwa darasa lake, na ndugu zetu wa Afrika Magharibi ni watu wa madhehebu yake, wengi wao wanaswali mikono wameiachia. Akanyamaza kidogo. "Kijana wangu, umemcheka mgeni mlangoni kwa mwenyeji wake." Basi, akaanza kuulizia hali ya magoti ya mama.

Nilitoa jasho. Asubuhi nataka kuvunja mlango wa watu kwa ajili ya kunuti, Laasiri namcheka mtu kwa mikono. Kesho yake na keshokutwa nilisimama sehemu ileile nikimtafuta yule kaka, lakini msikiti ule na watu wale utampata wapi mtu mmoja.

Kwa hiyo malalamiko niliyopeleka ofisini kwao baada ya kurudi yalipungua sana. Nilibakiza kamba, kwamba watoe rangi, waweke moja, VIP wajulikane kwenye karatasi za hoteli inatosha. Jibu likaja, tumepokea maoni yako, wateja wa VIP wanalipia huduma. Sawa. Na niliwaambia pia wangetueleza kwamba Haram kuna viti vya magurudumu vya kuazima bure, maana tawafu ya kwanza ya mama nililipa msukumaji bila sababu ya msingi.

Wanaouliza kama ningeenda nao tena, inategemea. Nimegundua yule sheikh si mwajiriwa wao, anaongoza safari kwa mapatano, msimu mwingine anakuwa na ajenti mwingine kabisa. Kwa hiyo kabla hujalipa usiulize hoteli ina nyota ngapi, uliza nani anawaongoza na waliosafiri naye mara ya mwisho ni nani, uwatafute uongee nao, hasa wazee.

Maji ya Zamzam kila mtu lita 5. Ya kwangu ilifika salama, ya mama kwenye mkanda wa mizigo hatukuiona, ajenti anasema anafuatilia. Juzi mzee wa kamba mfukoni kamletea mama ya kwake.