Sororiti ya binti yangu: maoni ya mama anayelipa ada

Naandika kwa wazazi wenzangu tulioko Marekani, wale ambao mtoto wa kike amerudi likizo na kusema, "Mama, nataka kuingia sororiti," yaani chama cha wasichana wa chuo kikuu, chenye nyumba yake ya kuishi wanachama. Mimi ni mtu wa Mombasa, nafanya kazi hospitalini hapa Texas, na huu ni mwaka wa pili nalipia hicho chama. Jina lake na la chuo siyataji, mtoto bado yuko pale.

Pesa kwanza, maana ndizo zilizonitoa jasho. Ukitajiwa ada ya muhula usidhani umemaliza. Iko ada ya mwanachama mpya, iko beji, ziko picha, iko faini ya kukosa kikao, na kila shughuli ina fulana yake (sijui ile ya mwezi uliopita huwa ina kosa gani). Muhula wa kwanza nilikaribia dola 1,000 hata hajahamia kwenye nyumba yao. Alipohamia mwaka wa pili, kodi na chakula vikaingia, na hapo kusema kweli nilipumua: nilipopiga hesabu, ilitoka nafuu kuliko bweni la chuo na chakula chake. Muombeni mweka hazina wao karatasi ya gharama za mwaka mzima kabla hamjatoa hata senti. Wanayo, ila haitoki mpaka uiulize.

Wiki ya kujiunga, rashi, mimi siipendi na nimemwambia hivyo. Ni Agosti, kabla ya masomo kuanza. Wasichana wanazungushwa nyumba hadi nyumba kwenye jua kali, wanapokelewa kwa nyimbo na makofi, wanapiga soga za dakika chache, kisha kila upande unapanga orodha ya uliowapenda na kompyuta inawaoanisha. Nyumba aliyokuwa ameitilia moyo haikumwita tena baada ya siku ya pili. Alinililia kwenye simu mpaka usiku mwingi. Mtoto aliyefika Marekani hajui Kiingereza asilie, aje alizwe na wasichana wa miaka 19 wenye nguo za kufanana! Basi, yalipita.

Kilichonifanya nikubali kulipa ni huduma kwa jamii, maana ndiyo wanayoitangaza sana. Hapa mzazi apambanue: kuchangisha ni kitu kimoja, kwenda kufanya kazi kwa mikono ni kingine. Sororiti hizi kubwa karibu zote zina jambo lake la kitaifa. Delta Delta Delta huchangia St. Jude, ile hospitali ya watoto wa saratani kule Memphis. Alpha Chi Omega wanashughulikia wanawake wanaopigwa majumbani. Alpha Delta Pi husaidia Ronald McDonald House, zile nyumba za karibu na hospitali ambako hulala wazazi wenye mtoto aliyelazwa. Hizo nazijua kwa kazi yangu. Mama anatoka kule alfajiri, ameoga, amebadilisha nguo, anaingia wodini na uso wa mtu aliyelala kitandani na si kwenye kiti. Kwa hiyo siwezi kudharau mchango wa aina hiyo.

Ya binti yangu huuza pankeki usiku, tiketi dola chache, muziki juu, wanafunzi wamejipanga mpaka barabarani. Wamejipanga vizuri, na hesabu husomwa mbele ya wote. Lakini msichana anaweza kumaliza muhula mzima anageuza pankeki na asikutane na hata mtu mmoja mwenye shida.

Jumamosi moja walikosa magari ya kutosha kwenda benki ya chakula, ghala la kugawia wenye shida, nikajitolea kuwa dereva, na nilipofika nikavalishwa glavu nami. Ghala lina baridi. Mikebe inakuja kwenye makasha makubwa na kazi ni kuichambua: unasoma tarehe, unapapasa ukingo wa juu na wa chini kwa kidole gumba. Iliyobonyea ubavuni kidogo inapita. Iliyobonyea kwenye mshono inatupwa, kwa sababu hewa inaweza kuwa imeingia. Wale wasichana niliowaona kwenye picha na mataji ya maua walikuwa wameinama kimya, wanapapasa mikebe ya maharagwe. Mmoja aliniletea mkebe wa samaki wa tuna akauliza, "Mama, huu je?" Hawakuwa na haraka ya kupiga picha, ingawa mwisho walipiga, maana saa za huduma wanazodaiwa huingizwa kwenye programu ya simu na lazima ushahidi.

Wapo wanaosema huduma ya lazima si huduma. Mimi hilo halinisumbui. Chama chetu cha akina mama kule Majengo, asiyefika kwenye msiba alitozwa, na msiba ulijaa. Ninacholalamikia ni kwamba saa zinazodaiwa ni chache mno ukilinganisha na fulana.

Kuna upande mwingine ambao wazazi wetu wengi hawausikii, sororiti za Wamarekani weusi. Alpha Kappa Alpha ilianza 1908 katika chuo cha Howard, Delta Sigma Theta 1913 hapo hapo, na wanachama wa Delta wakaingia barabarani Washington mwaka huo huo wa kwanza kudai kura ya wanawake. Muuguzi ninayefanya naye zamu ni Delta, anakaribia kustaafu, na bado ana vikao na kazi za kujitolea. Ndiye aliyeniambia kuwa miaka ya 1960 walichangia hospitali ya uzazi Thika. Thika yetu! Alpha Kappa Alpha nao, kuanzia 1935 hadi 1942, walipeleka kliniki Mississippi kila kiangazi. Wenye mashamba walipokataa kuwaachia wakulima waende kutibiwa, wakapakia chanjo kwenye magari wakawafuata mashambani. Zeta Phi Beta wana Stork's Nest tangu 1972: mjamzito anayehudhuria kliniki na mafunzo hupata pointi, anazibadilisha kwa vitu vya mtoto. Kwenye sororiti hizi huingii kwa rashi. Unaomba, na wanaangalia alama zako na huduma uliyokwisha kufanya. Ningejua mapema, ningemkalisha binti yangu na huyu muuguzi kwanza.

Turudi kwa binti yangu na mambo ya nyumbani: pombe hairuhusiwi ndani ya nyumba yao, na mama msimamizi anaishi humo humo. Mpishi humwekea kuku pembeni siku za nguruwe, na Ramadhani alikuta sahani yake kwenye friji imeandikwa jina. Kwa hilo nawapa nyota zote. Ibada yao ya kuapishwa ni siri. Nilipouliza, "Kuna neno lolote la dini yao mlilotamkishwa?" alisema, "La, Mama, na zaidi ya hapo siwezi kukwambia." Sikulala vizuri, ila nimemwamini.

Nyota tatu kati ya tano. Mwaka ujao ada inapanda. Tumekubaliana nitalipa nusu, nusu nyingine atoe kwenye mshahara wake wa maktaba, na fulana ajinunulie mwenyewe.