Uzoefu wangu wa kuondolewa adenoma ya ini

Kwa miezi minne nilitibiwa vidonda vya tumbo kwa sababu ya maumivu ya chembe ya moyo, hadi ultrasaundi ilipoonyesha uvimbe wa sentimita 8 upande wa kushoto wa ini. Daktari bingwa wa upasuaji niliyepelekwa kwake jijini Dar es Salaam ndiye wa kwanza kuniuliza kama ninatumia vidonge vya majira. Nilikuwa nimevimeza kwa miaka 11, na homoni ya estrojeni iliyomo inajulikana kuchochea adenoma, uvimbe ambao si saratani lakini unaweza kupasuka na kuvujisha damu tumboni, hasa ukizidi sentimita 5. Aliniachisha vidonge, tukasubiri miezi 6, kwa kuwa baadhi ya uvimbe wa aina hii hunywea wenyewe. Wangu ulipungua sentimita 1 tu, tukapanga upasuaji.

Kilichonipa imani ni mchoro. Nyuma ya bahasha ya picha za MRI alichora ini kwa kalamu ya bluu, akaligawa vipande 8, kila kimoja na mishipa yake ya damu na njia yake ya nyongo, akavitia kivuli kipande cha pili na cha tatu, ambavyo ndivyo vingeondoka, kisha akanieleza kwamba mishipa inayoingiza damu kwenye ini hubanwa kwa dakika 15 hivi, ikaachiliwa dakika 5, ikabanwa tena, ili akate huku anaona. Ndugu zangu wanne walichangia damu; ilitumika chupa moja.

Nililala chumba cha wagonjwa mahututi usiku mmoja na wodini siku 6. Siku ya pili muuguzi aliniamuru nikae kitini, nimekumbatia mto ili nikikohoa mshono usivutike. Asubuhi ile nilimchukia. Jioni nilimwomba mwenyewe anishike mkono tutembee hadi dirishani.

Lawama yangu iko kwenye majibu ya patholojia, yaani uchunguzi wa maabara wa uvimbe ulioondolewa. Niliahidiwa wiki 2, yakatoka baada ya wiki 7, na kila nilipopiga simu mapokezi waliniambia nisubiri, utadhani nafuatilia kitambulisho. Ziko aina chache za adenoma ambazo huweza kugeuka saratani, na mgonjwa asiyeijua yake hapati usingizi. Yangu haikuwa miongoni mwa hizo. Kovu bado huwasha siku za joto, na kliniki ya uzazi wa mpango imenihamishia kwenye kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni.