Ubao wa Maumbo: Kabla Hujalipa, Usukume kwa Kidole

Shilingi 35,000 zilitoka mfukoni mwangu, si za shule. Ubao wa maumbo, vipande vitano, kila kipande na kishikio chake chekundu. Niliununua Kariakoo, kwenye duka lililojiandika kwamba linauza vifaa vya elimu maalumu, nikarudi nao kwenye kitengo chetu cha watoto wenye ulemavu nimeukumbatia kama keki.

Jumatatu nikamwekea binti mmoja wa miaka 9 mwenye mtindio wa ubongo. Mkono wake wa kushoto umejikunja kifuani, haumsaidii kushika. Akachukua duara kwa mkono wa kulia, akalipeleka kwenye tundu lake. Ubao ukasogea. Akaufuata. Ukasogea tena. Wakafukuzana hivyo mpaka ukingoni mwa meza, ubao chini pu! na pembetatu ikaingia uvunguni mwa kabati. Kufika Jumatano, akiuona tu anageuza uso. Nami, na ualimu wangu wote huu, nikaandika kwenye daftari lake la maendeleo: “Bado hajatambua maumbo.”

Wiki iliyofuata mwalimu mwenzangu akaubandika mezani kwa selotepu pande zote nne. Binti akaweka vipande vyote vitano, na pembetatu akaiweka ya kwanza. Nimeyakata yale maandishi kwenye daftari, lakini bado yanasomeka.

Kwa hiyo ukichagua kifaa cha mtoto kujifunzia, mambo ya rangi isiyo na sumu na vipande vya kumezwa siyarudii, mmeshaambiwa. Mimi nauliza kimoja tu: kinateleza? Mtoto mwenye mikono miwili mizima hushika kwa mmoja na kuweka kwa mwingine, wala hajui kama anafanya hivyo. Aliyepooza upande mmoja hana wa kushikia. Kifaa kikiteleza, kinampima mkono huku sisi tunaandika alama za akili.

Namba moja kwangu ni DUPLO, na simumunyi maneno. Ni yale matofali makubwa ya plastiki ya kujengea ya kampuni ya LEGO, kila upande ni mara mbili ya LEGO ya kawaida, yanatengenezwa tangu 1969. Utamu wake si tofali lenyewe, ni lile bamba la chini la kijani, sentimita 38 kwa 38. Nilimpa fundi akalikaza kwa skrubu kwenye kipande cha mbao, mbao tukaibana mezani kwa klempu. Sasa mtoto anachopeka na kuchopoa kwa mkono mmoja, na alichojenga hakimkimbii. Tunahesabu nayo, tunapanga rangi, tunaeleza “juu ya” na “kando ya”. Dukani bei yake ni ya kulia. Lakini chimbua mafungu ya midoli ya mtumba pale soko la Karume: tofali lililochezewa Ulaya miaka 20 iliyopita linashikana na la leo bila ubishi. Za kuiga nimezijaribu. Nyingine zinabana mpaka mimi mwenyewe natumia meno, nyingine zinaachia mnara ukiwa wa ghorofa mbili.

Kwa wasioona, LEGO wana matofali ya breli, yameanza kuuzwa madukani 2023, vipande 287 kwenye boksi, vinundu vya juu vimepangwa kama nukta za herufi. Ni ya saizi ndogo, na yaliyotoka kwanza ni ya Kiingereza na Kifaransa, ila herufi za Kiswahili zote zimo humo. Nayo yakae kwenye bamba la saizi yake, lililokazwa vilevile.

Namba mbili ni vibao vya silinda vya Montessori. Viko vinne, kila kimoja kina silinda 10 za kutumbukiza kwenye matundu yake, zenye vishikio vya kubana kwa vidole vitatu, vidole vilevile vitakavyoshika penseli. Ni vya mbao nzito, havibanduki mezani kirahisi. Hapa naomba nipumue kidogo. Maria Montessori, daktari Mwitaliano aliyeanzisha mfumo wa kufundishia wenye jina lake, alianza kazi hii Roma na watoto wenye ulemavu wa akili, kabla hajafungua ile nyumba yake ya watoto mtaa wa San Lorenzo mwaka 1907. Leo neno Montessori likibandikwa kwenye boksi, bei inapaa, na wanaomudu ni shule za ada ya mamilioni. Watoto ambao kazi hii ilianza nao wanachezea vizibo! Ukipata seremala mwenye mashine ya kukereza, mpe mninga, mwambie vishikio avinenepeshe kidogo. Atakuchelewesha, utampigia simu mpaka uchoke, lakini kitu utakachopata kitakuzika.

Namba tatu ni mbao za maumbo kama ile yangu. Nyingi ni plaiwudi nyembamba, nyepesi kama biskuti. Kama umeshanunua, usitupe. Kata soli ya kandambili kuukuu, gundisha vipande vinne chini, kwenye kona. Kitambaa kibichi kilichokamuliwa vizuri nacho kinashika, mpaka kikauke.

Shanga za kutunga naziweka mkiani. Zinadai mikono miwili tangu mwanzo mpaka mwisho. Vizibo, mchanga na maharage ni vya bure na vinafaa, mnavijua.

Hao wauzaji sasa. Ubao wangu wa 35,000 niliuona baadaye kwenye meza ya midoli, mtaa wa pili tu, 12,000. Ubao uleule, kishikio kilekile chekundu, tofauti ni kikaratasi kilichoandikwa “watoto maalumu”. Nikaurudisha dukani, nikaonyeshwa chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi.

Mwezi uliopita nilikwenda duka jingine kutafuta ubao wa namba. Nikaweka mkono wa kushoto nyuma, nikaanza kuchopeka namba kwa wa kulia pale juu ya kioo cha kaunta. Ubao ukateleza mpaka kwenye kikokotoo cha muuzaji. Kijana akanitazama kwa huruma.

“Mama, si ushike na mkono mwingine?”

Nikamrudishia ubao wake.