Kazi safi mno: nilivyompelekea fundi wa Birere kaseti ya baba

Nilipeleka kaseti tatu zihamishiwe kwenye flashi. Moja ya harusi ya dada yangu, moja ya mahubiri. Hizo mbili zilitoka vizuri, sina neno. Ya tatu ndiyo imenifanya niandike.

Kibanda kiko Birere, hapa Goma, ukishuka kama unaenda barriere ndogo ya mpaka wa Rwanda, katikati ya mama anayeuza vitenge na kijana wa kufungua simu zilizofungwa. Hakina bango, na jina lake silitaji kwa sababu nina lawama zangu. Ndani kuna mashine mbili za kaseti za zamani, kompyuta ndogo iliyofungwa kwa mpira upande mmoja, na fundi ambaye namkadiria miaka ishirini na tano. Bei ni dola 5 kwa kaseti. Nilijaribu kuishusha hadi 3, akanijibu kwa adabu: "Mama, kaseti ya saa moja inanikula saa moja. Hii haikimbii kama nyimbo za simu." Ni kweli. Utepe unasomwa kwa mwendo wake, na yeye lazima akae hapo. Nikalipa.

Sasa kaseti yenyewe. Ni ya dakika 60. Kwenye karatasi yake baba ameandika kwa bic ya buluu, upande A: "TZ–UG 11/78". Upande B: "Kampala 4/79". Chini yake kuna mwandiko wa mama uliopigwa mstari: "OK Jazz". Maana yake baba alirekodi vita juu ya rumba ya mama, na mama hakulisamehe jambo hilo hadi anaingia kaburini.

Tulikuwa tunakaa Vitshumbi, kijiji cha wavuvi ziwani. Baba alinunua tilapia kwa wavuvi akaipeleka Goma kwa lori. Redio yake ya mawimbi mafupi haikuwa na sehemu ya kaseti, kwa hiyo aliiweka mezani uso kwa uso na rekoda, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akatunyoshea kidole tunyamaze. Hatukunyamaza, bila shaka. Ndiyo maana kaseti ile haikunasa redio peke yake. Ilinasa nyumba nzima. Lishikeni neno hilo, nitalirudia.

Kwanza sifa, maana anazistahili. Nilipoitoa kwenye bati la biskuti (bati ambalo mama alilibeba kichwani hadi Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, siku ya lava ya volkano, Januari 2002), fundi hakuitumbukiza mashineni kama yule mwingine wa kabla yake alivyotaka kufanya. Aliiinua kwenye mwanga. Kile kisponji kidogo kinachokandamiza utepe kwenye kichwa cha mashine kilikuwa kimebanduka na kulala pembeni kama punje ya mchele. Akafungua skrubu, akahamisha utepe wote kwenye ganda la kaseti nyingine, akauzungusha kwa bic mpaka ukakaza. Akapangusa kichwa kwa pamba yenye alkoli. Pamba ikatoka ya kahawia. Halafu akafanya kitu ambacho sijawahi kukiona. Kaseti ikiwa inalia, alichukua bisibisi nyembamba akagusa skrubu moja kando ya kichwa, akaipeleka robo mzunguko, akarudi kidogo. Sauti iliyokuwa kama ya mtu aliyejifunika blanketi ikajifunua.

Ilikuwa sauti ya Nyerere.

"Mama, hii ni teatri?"

Nikamwambia si teatri, huyo ni Rais wa Tanzania, Novemba 2, 1978, anawaambia watu wake kwamba wanaingia vitani.

"Na Wazungu?"

Na Uganda.

"Uganda hii ya hapa?" Akapunguza sauti, akanisogezea kiti.

Ikabidi nimchoree mgongoni mwa risiti yake. Mto Kagera unakuja kutoka upande wa Rwanda, unapanda kaskazini, kisha unakata kona kuelekea Ziwa Victoria. Wengi wangedhani mto huo ndio mpaka. Lakini Waingereza na Wajerumani walipogawana mwaka 1890 hawakufuata mto, walipiga rula kwenye digrii 1 kusini ya ikweta. Kwa hiyo kuna kipande cha Tanzania kilichobaki ng'ambo ya mto, kilomita za mraba 1,800 hivi, chenye mashamba, ng'ombe na watu ambao rula hiyo hawakuwahi kuiona. Tanganyika ilijitawala Desemba 1961, Uganda Oktoba 1962. Baba alipobonyeza vile vitufe viwili, hakuna kati yao iliyokuwa imefikisha hata miaka ishirini, na tayari zilikuwa zinauana kwa ajili ya mstari wa mtu mwingine. Mwishoni mwa Oktoba 1978 askari wa Idi Amin waliingia kipande hicho, wakaua raia, wakaswaga ng'ombe, wakapora. Novemba 1 Amin akatangaza kwamba kuanzia sasa mpaka ni mto. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka, la kuvukia mto huo, likavunjwa.

Fundi aliitazama ile risiti. "Na Watanzania hawakumchokoza?"

Swali zuri kuliko nililotegemea. Nikamwambia: Amin alimpindua Rais Obote Januari 1971, Nyerere akamkaribisha Obote na akakataa kumtambua Amin. Septemba 1972 watu wa Obote wakaivamia Uganda wakitokea ardhi ya Tanzania, wakapigwa. Mwezi uliofuata pande mbili zikasainishwa mapatano Mogadishu, na kinyongo kikabaki pale pale. Ile Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani nayo ikafa 1977. Baba hakupenda nikisema hivi. Redio ya Dar ilimwita Amin nduli, baba akalidaka neno hilo akalitumia hata kwa jogoo wa jirani.

Kufikia hapo nilikuwa tayari kumpa kijana huyu nyota tano zote na soda juu.

Aliniambia siku mbili. Zikawa tisa. Umeme ulikatika, hilo sote tunalijua, simlaumu. Namlaumu kwa kunifanya nipande motari, pikipiki ya kukodi, mara tatu bure wakati namba yangu anayo.

Siku ya tisa nikaenda nyumbani, nikachomeka flashi. Kabla Mwalimu hajafungua kinywa, ikaingia kinanda, kisha fundi wangu anatangaza kwamba kazi hii imefanywa kwake, na namba ya simu mara mbili. Sawa, biashara ni biashara. Lakini alirudi katikati ya hotuba! Kila Mswahili mwenye umri wangu anajua mahali ambapo Nyerere anapanga mambo matatu, uwezo, sababu na nia, moja juu ya jingine kama mtu anayepanga matofali. Kwenye flashi yangu uwezo tunao, sababu tunayo, kwa bei nafuu fika kwetu Birere, na nia tunayo. Mume wangu alicheka mpaka akatoka nje.

Hilo ningelisamehe. La pili ndilo lilinirudisha kule kwa miguu ya hasira.

Sauti ilikuwa safi. Safi mno. Ile mvua iliyopiga mabati ya Vitshumbi jioni ile, hakuna. Jogoo, yule nduli mwenyewe, hakuna. Hotuba inakwisha, na pale ambapo nakumbuka mama anamwambia baba, "Zima hiyo, betri inakwisha," flashi inaruka moja kwa moja kwenye taarifa nyingine. Upande B ni hivyo hivyo: Kampala inaanguka, mtangazaji anamaliza, basi.

Fundi hakukana. Alinigeuzia kompyuta akanionyesha. Unachagua sehemu yenye mvua tupu, unaiambia programu "hii ni takataka", nayo inapita kaseti nzima ikiondoa chochote kinachofanana nayo. Zile sehemu zilizobaki kimya anazikata, ili mteja asisubiri. "Tena kulikuwa na mtu anaongea nyuma ya redio," akasema kwa fahari ya kazi, "nikahangaika naye sana mpaka nikamtoa."

Nikamwambia, huyo mtu ni baba yangu.

Alinyamaza. Kisha akasema "Pole, mama" kwa sauti ambayo sikuweza tena kugomba nayo. Nakala ya kwanza, kabla ya kusafisha, alikuwa ameifuta kwa kukosa nafasi. Ikabidi utepe uchezwe tena, na utepe wa miaka zaidi ya arobaini kila ukichezwa unaacha unga wake kidogo kwenye pamba. Alifunga mlango nusu, akazima spika ya nje, tukakaa wawili saa nzima. Hakunidai hata faranga moja. Mara moja utepe ulilia kama panya. Akausimamisha kwa kidole kabla hata sijashtuka, akaurudisha kwa bic, tukaendelea.

Upande B ni vipande vipande, kwa kuwa baba alikuwa akisafiri na samaki na alirekodi siku alizokuwa nyumbani. Nilimjazia fundi mapengo. Januari 1979 Watanzania wanaingia Mutukula, mpakani; kamanda David Musuguri akabaki na jina hilo, Jenerali Mutukula. Februari wanachukua Masaka na Mbarara. Machi, pale Lukaya kwenye barabara ya kinamasi, wanakutana na Walibya ambao Gaddafi amewaleta kumsaidia Amin, wanarudishwa nyuma usiku, wanarudi kesho yake na kushinda. Mizinga yao ya roketi Waganda waliipa jina Saba Saba. Aprili 11 wanaingia Kampala, wakiwa pamoja na wapiganaji wa Uganda wenyewe. Juni 3 wanafika mpaka wa Sudan, vita vinakwisha. Askari wa Amin wengine walikimbilia kwetu Zaire. Amin mwenyewe alipitia Libya na akafia Jeddah mwaka 2003, kitandani.

Fundi akauliza Tanzania ilipata nini. Nikamwambia mwaka mmoja nilisafiri na mzigo kutoka Kampala hadi Bukoba, nikapita Kyaka, nikaona karibu na daraja kuta za kanisa lililobomolewa, zimeachwa hivyo hivyo zisimame. Na wanajeshi wao wamezikwa Kaboya, safu kwa safu. Ardhi ya Uganda hawakuichukua, mpaka ulibaki pale pale kwenye rula. Gharama za vita ziliwalemea, na waliokuwa Dar miaka ile watakusimulia foleni za sukari na sabuni.

Halafu tukamfikia baba. Mtangazaji anamaliza habari ya Kampala. Mvua haipo upande huu, kuna mlio wa kikombe kinawekwa mezani. Na baba, karibu sana na rekoda, anamwuliza mtu ambaye nadhani ni baba mdogo:

"Sasa ziwa letu litaitwa nani?"

Fundi hakuelewa. Na nyinyi mliozaliwa juzi hamtaelewa. Mobutu, rais wetu wa Zaire, na Amin, urafiki wao ulipokuwa mtamu, walijigawia maziwa: Ziwa Albert likawa Mobutu Sese Seko, na Ziwa Edward, hili hili la Vitshumbi, likawa Ziwa Idi Amin. Baba aliuza tilapia za Ziwa Idi Amin. Siku Kampala ilipoanguka, watu wengine walijiuliza habari za serikali mpya. Yeye alijiuliza habari za anwani. Kwenye kaseti baba mdogo anacheka, anasema, "Liite la kwako," kisha kitufe kinabonyezwa, na zinasikika sekunde nne za OK Jazz ambazo vita havikuzifikia.

Fundi alizirudia zile sekunde nne mara mbili bila kuniuliza. Nikamwachia.

Kwa hiyo nampa nyota nne. Mikono yake ni ya dhahabu, na kwa Goma hii sijui mwingine atakayehamisha utepe ganda hadi ganda bila kuukata. Ukienda, mwambie kabla hajaanza: usisafishe, usikate kimya, tangazo lako weka mwisho. Mwambie aandike majina ya mafaili vizuri pia. Langu aliliita "Vita ya mama 1". Omba ile nakala ghafi hata kama ina kelele, lipia flashi ya pili ikibidi. Na nenda asubuhi, kabla ya yule kijana wa simu hajafungua muziki wake.

Nilikuwa nimemaliza kuandika, nikaona nisikilize tena ile ya harusi niliyoisifu juu. Siku ile shangazi yetu alipiga vigelegele karibu na rekoda mpaka bwana harusi akaziba sikio. Mtaa mzima ulimsikia. Kwenye flashi hayumo. Jumatatu narudi Birere.