Macho Makavu: Kiangazi cha Dodoma au Ugonjwa wa Sjögren?
Dodoma, kuanzia Mei hadi Novemba, mvua ni nadra na upepo hubeba vumbi. Bibi akilalamika kwamba macho yanachoma kama yameingia mchanga, jibu letu ni moja: "Kiangazi hicho." Mara nyingi ni kweli. Ukavu huo huzidi siku za upepo na hupungua mvua zikianza. Dawa nazo huchangia: amitriptilini (ya sonona na maumivu ya neva), za mzio, za presha zinazokojoza. Muulize anameza nini kabla ya kulaumu hewa.

Sjögren ni habari nyingine. Daktari wa macho wa Sweden, Henrik Sjögren, aliueleza mwaka 1933. Kinga ya mwili hushambulia tezi za machozi na mate, kwa hiyo hata mvua za Januari hazimpi mgonjwa nafuu. Ugali haushuki bila maji, meno yanaoza haraka, mashavu yanavimba karibu na masikio, viungo vinauma, na uchovu hauishi (ambao sisi huuita uzee). Wagonjwa wengi ni wanawake, takriban 9 kwa mwanaume 1.

Kupima machozi, karatasi ndogo huwekwa kwenye kope la chini kwa dakika 5. Ikilowa milimita 5 au pungufu, machozi ni haba. Lakini wazee wengi machozi hupungua kwa umri tu, hivyo hupimwa pia damu kutafuta kingamwili zinazoshambulia mwili wenyewe, wakati mwingine na kipande kidogo cha nyama kinachokatwa ndani ya mdomo.

Machozi ya bandia hufaa kwa ukavu wa kiangazi na wa Sjögren pia. Uvimbe wa shavu usioshuka, hata hivyo, hausubiriwi: Sjögren huongeza hatari ya saratani ya limfu.