Unga wa lishe wa nafaka kumi na mbili: unanunua nini hasa?

Ingia duka lolote la vyakula Dar es Salaam, Mwanza au Arusha, utaukuta kwenye rafu. Pakiti ya kilo moja, picha ya mtoto mnene anayecheka, na maandishi makubwa: "Unga wa lishe, nafaka 12". Nyuma kuna orodha ndefu: mahindi, mchele, ulezi, mtama, uwele, ngano, soya, karanga, ufuta, mbegu za maboga, na siku hizi hata viazi lishe vilivyokaushwa au dagaa. Tathmini hii haihusu chapa moja. Inahusu aina hiyo ya unga, ikilinganishwa na wenzake wawili: unga wa ulezi mtupu wa pakiti, na mchanganyiko unaosagiwa mashineni mbele ya macho yako.

Hukumu yetu tunaiweka mbele: kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka miwili, unga wa nafaka 12 hatuupendekezi. Vitu vilivyomo ni vyakula vizuri, kila kimoja peke yake. Kasoro inaanzia pale vinapotiwa kwenye mfuko mmoja, kusagwa pamoja na kukaa dukani miezi.

Tufanye hesabu kwanza. Chukua mchanganyiko wa mtengenezaji mkarimu, aliyeweka gramu 100 za soya katika kila kilo. Kikombe cha uji cha mililita 250 hutumia unga wa gramu 30 hivi. Ndani yake soya ni gramu 3, na protini inayotoka kwenye soya hiyo ni kama gramu moja tu. Nafaka zilizobaki zinaongeza gramu mbili na ushee. Yai moja la kuku lina gramu 6 au zaidi kidogo. Mama anayelipa bei ya juu kwa sababu ya neno "soya" kwenye pakiti, akaacha kununua mayai mawili kwa fedha hiyo, amepunjwa. Na pakiti nyingi hazisemi kabisa kila kitu kimewekwa kwa kiasi gani. Zinataja majina tu, na mahindi, ambayo ndiyo rahisi, ndiyo yanayojaza mfuko.

Kasoro ya pili ni moto. Soya mbichi ina vizuizi vinavyouzuia mwili kumeng'enya protini, na dawa yake ni joto la kutosha: unazitumbukiza kwenye maji yanayochemka, unaziacha zichemke dakika 20 hadi 30, unazisugua maganda yatoke, unazianika zikauke kabisa, ndipo unazikaanga kidogo na kuzisaga. Kazi hiyo inakula siku nzima na zaidi. Anayesaga magunia kwa haraka hukaanga tu juu juu, soya ikaungua nje na kubaki mbichi ndani, au asikaange kabisa. Utaijua kwa harufu ya maharage mabichi uji unapoanza kuchemka. Mtoto ataijua kwa tumbo kujaa gesi na choo kulegea, na nyumbani watasema ni meno.

Ya tatu ni mafuta. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, ufuta vivyo hivyo, na soya moja ya tano. Punje ikiwa nzima, mafuta yake yamefungwa ndani. Ikishasagwa yanakutana na hewa, na kama pakiti ni nailoni inayopitisha mwanga na imepangwa kwenye kibanda kinachopigwa jua, yanachacha ndani ya wiki chache. Lebo inaweza kuwa inasema miezi sita. Fungua pakiti unuse kabla ya kitu kingine chochote. Ukisikia harufu ya mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi, au ukilamba kidogo ukaona unakereketa koo, usiujaribu kwa mtoto wala usiuchanganye na unga mpya ili usipotee. Ndiyo maana tunajali tarehe ya kusagwa kuliko tarehe ya mwisho wa matumizi. Pakiti isiyo na tarehe ya kutengenezwa irudishe rafuni.

Yote hayo unaweza kuyanusa au kuyaonja. Sumukuvu huwezi. Inatengenezwa na ukungu unaoota kwenye nafaka na mbegu zilizovunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu, na mazao mawili yanayoshambuliwa zaidi ni mahindi na karanga, yaani yale yale yaliyo ndani ya karibu kila unga wa lishe. Haina harufu, haina ladha, na kuchemsha uji hakuiondoi. Mwaka 2004 iliua watu 125 kati ya wagonjwa 317 mashariki mwa Kenya. Mwaka 2016 ikaua 20 kati ya 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Hivyo ni vifo vya dozi kubwa. Dozi ndogo ndogo za kila siku huharibu ini na kuleta saratani yake, na kwa watoto huhusishwa na udumavu. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu jumla ya mikrogramu 10 tu kwa kilo ya unga.

Kinga kubwa iliyo mikononi mwa mnunuzi ni kuchambua punje kabla hazijasagwa: kutoa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, zenye vumbi la kijani au jeusi. Unga hauchambuliki. Kadiri vitu vinavyokuwa vingi ndani ya mfuko, ndivyo unavyowaamini watu wengi usiowajua, na gunia moja bovu la karanga linaharibu mchanganyiko mzima. Alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) kwenye pakiti ni ya lazima kwetu, maana inaonyesha mzalishaji amesajiliwa na kukaguliwa. Lakini pakiti hiyo hiyo ikiachwa kwenye stoo yenye unyevu, alama haiilindi. Ukikuta mabonge, rudisha.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Mtoto akipata vipele, kutapika au kuvimba midomo baada ya uji wenye vitu 12, utajuaje kilichomdhuru ni kipi? Karanga, soya, ngano na ufuta vyote vinajulikana kwa kuleta mzio. Mtoto anayeanza kula anapaswa kuonjeshwa kitu kimoja kimoja, na kukaa nacho siku mbili tatu.

Sasa tuje kwa ulezi mtupu, ambao tunaupa alama za juu. Gramu 100 zina kalsiamu zaidi ya miligramu 300, mara nyingi zaidi ya mahindi, na mafuta yake ni machache kwa hiyo unga hauchachi upesi. Ubaya wake ni mchanga. Punje ni ndogo na huanikwa chini, na mwenye kiwanda asipoziosha kwa maji mengi, mchanga unasagwa pamoja nazo. Jaribio lake ni rahisi: koroga kijiko kimoja cha unga kwenye glasi ya maji, acha utulie, mwaga taratibu, kisha pitisha kidole kwenye kilichobaki chini. Kikikwaruza, badilisha duka.

Protini na mafuta yanaongezwa kwenye sufuria. Kwa vikombe vitatu vya maji (mililita 750), tumia robo tatu ya kikombe cha unga, kama gramu 95. Vuruga unga na kikombe kimoja cha maji baridi, mimina kwenye vikombe viwili vilivyobaki vya maji yanayochemka huku unakoroga, ukishatokota punguza moto uache uive dakika 15 hadi 20. Uji wa dakika tano una ladha ya unga mbichi na unaumiza tumbo. Mwishoni, kwenye bakuli la mtoto, tia kijiko kimoja cha chakula cha siagi ya karanga isiyo na sukari, au kijiko cha chai cha mafuta ya kula, au yai lililopigwa na kuchemkia ndani ya uji, au dagaa waliotolewa vichwa, wakakaushwa na kutwangwa. Ubuyu wa unga au maji ya chungwa weka uji ukishapoa kidogo, maana vitamini C haipendi moto, na hiyo ndiyo inayousaidia mwili kuyachukua madini ya chuma yaliyo kwenye ulezi. Chai ya rangi inafanya kinyume chake, basi isiwe karibu na mlo wa mtoto.

Uzito wa uji ndipo wengi wanapokosea, unga uwe wa aina yoyote. Tumbo la mtoto wa kilo 8 linachukua kama mililita 240 kwa mlo. Uji mwepesi wa kunyweka kwa chupa, wenye gramu 10 za unga kwa kila mililita 100, unampa kalori zisizofika 90 tumbo likiwa limejaa. Wa miezi 6 hadi 8 anahitaji kalori kama 200 kwa siku juu ya maziwa ya mama, na wa mwaka na zaidi anahitaji 550. Uji uking'ang'ania kijiko ndio wa kumlisha. Ukiwa mzito hadi mtoto anaukataa, usiongeze maji, ongeza kimea: ulezi ulioloweka usiku kucha, ukaota siku mbili, ukakaushwa, ukasuguliwa machipukizi yatoke na kusagwa. Kijiko kimoja ndani ya uji ulioipuliwa na kupoa kidogo kinaulainisha ndani ya dakika chache. Urudishe motoni uchemke tena kabla ya kulisha. Mtama usiuoteshe kwa kazi hii, machipukizi yake yana sayanidi.

Kuhusu kusagisha mashineni: tunaipendelea kuliko pakiti ya nafaka 12, kwa sharti upeleke nafaka uliyoichambua na kuiosha mwenyewe, na karanga usizipeleke. Zinaganda kwenye chekeche, mwenye mashine anaacha kuisafisha, na mabaki yake yaliyochacha yanaingia kwenye unga wa anayefuata. Omba usagiwe baada ya mtu wa dona, na kilo ya kwanza inayotoka iwe ya matumizi mengine. Ukifika nyumbani pitisha sumaku iliyofungwa kwenye nailoni ndani ya unga. Nyundo za mashine zilizochakaa hutoa vichembe vya chuma, na vichembe hivyo si madini ya chuma ya kumjenga mtoto.

Unga huo huo huuzwa pia kwa wenye kisukari, mara nyingine kwa bei kubwa zaidi. Hapo hatuna la kuusifia. Nafaka zikisagwa laini huwa wanga unaopanda haraka kwenye damu, ziwe mbili au 12, na kutoweka sukari hakubadili hilo. Ulezi au mtama uliopikwa punje nzima, kwa kipimo, pamoja na mboga za majani na maharage, unamfaa zaidi mgonjwa wa aina hiyo.

Nunua unga wa wiki tatu nne tu kwa mara moja, uuweke kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, mbali na jiko.