Nimeambiwa gemu ya vita siyo ya watu kama mimi

Hili donge nimekaa nalo wiki kadhaa sasa, leo nalitoa. Kuna chumba cha gemu huku Kirumba, Mwanza, jina silitaji. Mimi nauza dagaa Mwaloni, na alasiri nikishafunga hesabu napenda kupumzisha kichwa. Vijana wote wako kwenye mpira. Mimi nikaomba Hearts of Iron IV, ile ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia inayoanza Januari 1936, kwa sababu historia naipenda.

Saa ya kwanza niliichukia. Vitufe kila kona, ramani juu ya ramani. Halafu somo la wanaoanza linakupa Italia, unatumwa ukaipige Ethiopia! Nikaliacha. Nikachukua Ethiopia yenyewe, ya Haile Selassie, vita vikiwa vimeshaanza. Ningeandika siku ile ningesema usiiguse kabisa.

Ila gemu hii unaweza kuipozi. Saa inasimama, unasoma taratibu, hakuna anayekukimbiza. Nikafika kwenye ugavi. Mbona ugavi naujua! Mzigo ukikwama Ukerewe kwa kukosa boti, hata uwe na magunia mia, sokoni huna kitu. Jeshi nalo hivyohivyo: kikosi kisichopata bunduki kinanyauka. Nikawarudisha askari milimani, karibu na Addis Ababa, wakashika. Jamani, nilifurahi mpaka mikono ikatetemeka.

Hapo kijana wa kaunta akanijia kwa nyuma. Shikamoo hakuna, na umri wangu huu. "Mzee, umepozi dakika ishirini unasoma tu. Hapa siyo maktaba. Hii ni ya wenye akili zao, nenda kacheze drafti." Watu wakacheka. Akanyoosha mkono, akaninyang'anya mausi, akafunga gemu. Sikuwa nimesevu. Na muda niliolipia ulikuwa haujaisha!

Drafti ni ya wasio na akili tangu lini? Na bao je? Kete 64, mashimo 32, unaanza na hatua ya namua, ya kuingiza kete, ndipo ufike ya mtaji, na ukizubaa nyumba yako, lile shimo lako kuu, inaliwa. Mimi bao nilifundishwa na wazee. Nikikosea wananirudisha, "hebu tazama tena." Hakuna aliyenipora kete mkononi.

Kwa hiyo gemu ngumu inatufaa sisi wa kujiburudisha? Inatufaa, mradi uwe na muda wako. Kwa kulipia kwa saa, haifai, ni hela ya bure. Hapana, hata hilo nalifuta: ningelipa tena kesho kama pale kaunta kungekuwa na mtu mwenye adabu. Kilichoniuma ni ule mkono.

Mpwa wangu wa Nyegezi ana kompyuta, kaahidi kuniwekea Jumapili. Nimemwambia mapema kwamba mimi napozi sana. Akasema, "Mjomba, pozi tu."